Kutenganisha sauti na video: Shotcut, CapCut, DaVinci au ffmpeg?

Mwanjelwa_Studio: Wakuu, kuna video ya kwaya ya dakika 40, imepigwa kwa simu kule Tukuyu, mvua iko kwenye bati. Sauti nzuri iko kwenye rekoda iliyowekwa mbele ya waimbaji. Nataka kutoa sauti ya simu niweke ya rekoda. Laptopu ni RAM GB 4. Nitumie ipi?

fundi_uyole: DaVinci kwa RAM hiyo sahau, itakwama tu. Chukua Shotcut. Video ikifunguka, ikikuuliza kubadilisha faili iwe rahisi kuhariri, kubali. Simu nyingi hazirekodi kwa fremu zile zile kila sekunde, na hapo ndipo midomo huachana na sauti. Kisha bofya klipu kulia, chagua Detach Audio. Sauti inashuka kwenye traki yake. Usiifute! Mawimbi yake ndiyo utakayolinganishia ya rekoda, halafu unaizima.

Kibena: CapCut ya simu ni kugusa klipu na Extract audio, basi. Kwa kipande cha status haina mpinzani. Dakika 40? Hapana.

komandi_tu: Kama unataka sauti iwe faili peke yake, ffmpeg (programu ya kuandikia komandi, haina vitufe) inaimaliza kwa sekunde chache:

`ffmpeg -i kwaya.mp4 -vn -c:a copy sauti.m4a`

`-vn` inaondoa picha, `copy` inahamisha sauti ilivyo, ubora haupungui. Ukiandika sauti.mp3 hapo itagoma, maana ndani ya mp4 za simu kwa kawaida kuna AAC, aina nyingine ya sauti, si MP3. Ukitaka WAV (sauti isiyobanwa), weka `-c:a pcm_s16le` na jina liwe sauti.wav, ila jiandae: stirio ya 48 kHz ni kama MB 11.5 kwa dakika, yaani MB 460 kwa kazi yako.

Mwanjelwa_Studio: Nimeelewa. Ila nikifuta kipande katikati, sauti yote ya mbele inaachana na picha.

fundi_uyole: Unabonyeza X. Hiyo inafuta na kuvuta traki hiyo moja tu, nyingine inabaki palepale. Bonyeza Z, inaacha pengo, au washa Ripple All Tracks kwanza, traki zote zivutwe pamoja. Tena, saa ya rekoda na ya simu hazitembei sawasawa, kwa hiyo ukilinganisha mwanzo tu, wimbo wa mwisho unaweza kuwa umeteleza. Kata rekoda kila wimbo unapoanza, panga upya wimbo kwa wimbo. Usivute faili zima.

iringa_sauti: Kutenganisha kwa wenye programu ya Premiere ni Ctrl+L, DaVinci ni Ctrl+Alt+L. Kugusa sauti peke yake bila kutenganisha, shikilia Alt ukibofya. Na mkuu, kutenganisha hakuondoi mvua. Imeshachanganyika na waimbaji. Ukilazimisha programu ya kusafisha kelele, herufi "s" na "sh" zinaliwa kwanza. Punguza kidogo tu. Sauti ya simu ipandishe kati ya nyimbo, vigelegele vya waumini viko huko.