Friji la gesi kwenye tela: usiku nyuzi 5, mchana 14. Tatizo nini?

Mpwani_Mikindani
Wakuu, habari za leo. Kuna tela la kulala wageni limeegeshwa Msimbati, pwani ya Mtwara, friji lake ni la njia tatu (gesi, umeme wa volti 230, betri ya volti 12), lita 90 hivi. Usiku linashuka hadi nyuzi 5, lakini saa nane mchana lina 12 mpaka 14 na samaki wanaanza kulegea. Mwali ni wa bluu, mtungi umejaa. Fundi wa mjini anasema liongezwe gesi ya ubaridi. Nikubali?

FundiBaridi_Lindi
Usikubali, mkuu. Friji hilo halina kompresa. Ndani ya mabomba kuna amonia, maji na haidrojeni, vimefungiwa kiwandani kwa kulehemu, na hakuna pa kujazia. Mfumo ukitoboka utasikia harufu kali ya amonia au utaona unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma, na hata usiku halitapoa. La kwako usiku linafika 5, kwa hiyo ni zima. Linachokosa ni pa kutolea joto.

Fungua kifuniko cha nje cha chini, chungulia kwa tochi. Hewa inaingia hapo, inapata moto, inapanda yenyewe, inapita kwenye mapezi ya kondensa (vibati vya nyuma vinavyotoa joto) na kutokea tundu la juu. Pima nafasi kati ya mapezi na ukuta wa tela. Ikizidi sentimita 2 au 3, hewa inapita pembeni bila kugusa mapezi. Kunja bati jembamba liisukume hewa kwenye mapezi, na ziba uwazi ulioko juu ya friji, maana joto hujikusanya pale. Karibu na bomba la moshi ni bati tu. Povu na mbao zinashika moto.

Kisha funga feni mbili za kompyuta, volti 12, upana milimita 120, chini ya kondensa, zipulize kwenda juu. Zisilenge bana (kichomea gesi chenye mwali), zitazima mwali.

Bana nayo isafishe kwa brashi. Chumvi ya pwani inaozesha bomba la moshi na kutu inaidondokea. Nozeli (kitundu kinachotoa gesi) iloweke kwenye spiriti, ipulize, basi. Ukiichokoa kwa sindano tundu linapanuka na moto unakuwa wa masizi.

Pimamaji
Naongezea hapo kwa Fundi. Mchanga wa Msimbati unameza tairi upande mmoja bila mtu kujua. Weka pimamaji ndani ya friji lenyewe, sakafu ya tela inaweza kukudanganya. Amonia inarudi chini kwa uzito wake tu, kwa hiyo friji likiinama kimiminika kinakwama, boila (sehemu inayochemshwa na mwali ili friji lipoe) inachemka kavu, na dawa ya kuzuia kutu iliyomo inaganda na kuziba bomba moja kwa moja. Hapo hakuna matengenezo tena. Tanguliza mbao pana chini ya tairi.

Mkihamia umeme, pima volti kwanza. Hita ya 230 ikipewa 180 inatoa kama asilimia 61 tu ya joto lake, na friji la hivi bila joto halipoi. Umeme ukiwa hafifu, baki kwenye gesi. Betri ni ya wakati tela linavutwa.

Mpwani_Mikindani
Asanteni sana. Nimepima, pengo ni sentimita 7! Na upande wa friji unaangalia magharibi.

FundiBaridi_Lindi
Basi ndiyo hapo. Geuza tela, upande wa friji uangalie kaskazini mashariki. Mtwara kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua la mchana linapita kusini yetu, na la alasiri ndilo linalochoma ukuta. Ukishindwa kugeuza, tanda turubai mbali kidogo na ukuta, lisizibe matundu.

BiMwana_Feri
Ndugu yangu, hata ukitengeneza yote hayo, samaki wabichi ambao hawajapoa usiwatie friji la gesi. Kilo 5 za changu kutoka nyuzi 30 hadi 5 zinakula karibu kilo moja na nusu ya barafu. Friji dogo litahangaika mpaka usiku, na maziwa yaliyomo yatapata joto. Watoe matumbo, waweke kwenye deli na kilo 3 za barafu iliyopondwa, tundu la kutolea maji liwe wazi. Wakishapoa ndipo uwahamishe, kwenye chombo chenye mfuniko, kwa sababu unyevu wa huku unageuka theluji kwenye mapezi ya ndani. Theluji ikifika unene wa nusu sentimita, zima na uyeyushe, usikwangue kwa kisu.

Na mpira wa mlango: bana karatasi, ivute. Ikitoka kirahisi, badilisha mpira kabla ya kununua hizo feni.