Ushauri: Taarifa ya kiangazi ya kikundi chetu cha washairi Kigoma, mashairi ya wanachama yaingie mazima?

Mwana wa Bangwe (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Kikundi chetu cha washairi hapa Kigoma Ujiji hukutana mwaka mzima, lakini shughuli nyingi huangukia kiangazi, kwa kuwa barabara hupitika, wanafunzi huwa nyumbani kwa likizo ya Juni, na jioni watu huweza kuketi uani bila kuhofia mvua. Mwaka huu nimekabidhiwa kuandika taarifa ya msimu: kurasa 4 zitakazochapwa kwa ajili ya wazee wasiotumia simu janja, na kutumwa kwa simu kwa wenzetu walioko Kasulu, Uvinza, Tabora na Dar es Salaam.

Habari zenyewe hazikosekani. Tunaandaa usomaji wa 7 Julai, ambayo kwetu ni Saba Saba na, tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021, ni Siku ya Kiswahili Duniani pia. Baadhi yetu watapanda treni kwenda Ipuli, Tabora, kwenye maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Magharibi, ambako tumeomba nafasi ya kutoa ngonjera. Diwani yetu ya pamoja imeshapigwa chapa kwenye kompyuta na sasa inasahihishwa. Mwanachama mmoja amejifungua, mwingine anaugua.

Shida ni namna ya kuziandika. Mzee wetu, ambaye ndiye hukagua mizani za kila utungo kabla haujasomwa mbele za watu, anataka kila mwanachama atoe shairi zima, na taarifa yenyewe iandikwe kwa utenzi. Anasema Ujiji ndiko alikozaliwa Sheikh Kaluta Amri Abedi mwaka 1924, yule aliyeziweka sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha 1954, kwa hiyo ni aibu kikundi cha hapa kutangaza mambo yake kwa nathari. Vijana, ambao wengi wao huandika mashairi huru, hawataki utenzi wala hawataki kutoa tungo zao nzima, kwa hofu kwamba shairi likishaingia kwenye simu za watu halina mwenyewe tena. Ninyi mngefanyaje?

Fundi Vina

Ndugu yangu, namuunga mkono mzee kwa nusu. Utenzi ni bahari, yaani aina ya shairi, ya kusimulia. Mizani zake 8 kwa kila kipande huenda haraka, na watu wa kale walisimulia kwazo vita na safari ndefu, sembuse kikao cha washairi. Nimejaribu ubeti mmoja hapa hapa:

Tarehe saba Julai
Si kukaa kunywa chai
Tutasoma tungo hai
Ujiji pwani ya ziwa

Kina cha bahari, yaani cha kipande cha mwisho cha kila ubeti, kiwe "wa" hadi mwisho wa taarifa. Beti 20 zinatosha, na mzee atafurahi.

Msomaji wa Gungu

Ubeti wako ni mzuri, Fundi, lakini mimi ningefika asubuhi nikakuta uwanja mtupu, kwa sababu hukusema saa wala nyumba. Hilo ndilo tatizo la kubebesha vina kazi ya tangazo. Saa, mahali, nauli ya treni na jina la mtu wa kumuuliza ni mambo yanayotaka nathari kavu. Utangulizi uwe wa utenzi, beti tatu au nne kutoka kwa mzee mwenyewe na jina lake likiwa chini, kisha habari zifuate kwa maneno ya kawaida. Hapo hakuna atakayedai kwamba kikundi kimetupa mapokeo, na hakuna atakayepotea njia.

Jambo jingine, ingawa hukuliuliza. Kama wamo wavuvi miongoni mwenu, na Kigoma ni vigumu wasiwemo, pangeni mikutano yenu mingine ya jioni wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mwezi ukiwa mpevu, vyombo hupumzika kwenye mwalo wa Kibirizi na wenyewe huwa nyumbani. Tarehe 7 Julai haiwezi kuhamishwa, lakini ratiba ya Agosti mnaweza kuipanga kwa kutazama mwezi, na taarifa hii ndiyo mahali pa kuitangaza.

Bint Unyanyembe

Nawasalimu kutoka Tabora. Mimi nataka kujibu lile swali la mashairi mazima, maana naona linapitwa pembeni.

Iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwezi Aprili 2023, na ushairi ni mojawapo ya nyanja zake. Tuzo hiyo hupokea miswada ambayo haijachapishwa. Sasa fikiria kijana wenu mwenye mswada anaoujenga kwa ajili ya tuzo, halafu mashairi yake bora yanatolewa mazima katika karatasi inayochapwa na kusambazwa mikoa mitatu. Huenda waamuzi wasijali, huenda wakajali. Lakini kwa nini kikundi kimwingize mtu katika hatari hiyo kwa ajili ya kujaza ukurasa? Kila mwenye nia ya kushindana asome kwanza masharti ya mwaka husika, kisha aamue mwenyewe.

Kuhusu umiliki, hofu ya vijana ina msingi katika desturi za simu, ila kisheria shairi halikosi mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi tangu kazi inapotungwa, bila kusubiri usajili. Kinachokosekana kwa kawaida ni ushahidi. Basi omba ruhusa ya maandishi kwa kila utungo, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu. Andika jina la mtunzi chini ya utungo wenyewe, wala si katika orodha ya ukurasa wa mwisho. Na toa ubeti mmoja au miwili tu. Anayetaka kusikia lililobaki atakuja kwenye usomaji.

Babu wa Mwanga

Wajukuu zangu, nimesoma yote. Bint Unyanyembe amesema la maana kuhusu tuzo, lakini msije mkadhani kwamba kutoa shairi zima ni jambo la hatari siku zote. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji wake, na ndivyo malenga wa mji mmoja walivyofahamika miji mingine na kujibizana kwa beti bila ya kuonana. Shairi la malumbano halikatwi. Ukimpa msomaji ubeti wa kwanza wa swali ukamnyima ubeti wa mwisho, atajibu kitu gani?

Kwa hiyo mimi ningeweka shairi moja tu zima, la mtu anayetaka kujibiwa, na liwe limetungwa mahususi kwa taarifa hii ili lisimharibie mtu mswada. Mzee wenu ndiye anayefaa kulitunga. Awaulize vijana kwa tarbia, yaani shairi la mistari minne kila ubeti, yenye vina na mizani zake: shairi huru linabebwa na nini likikosa vina? Vijana wajibu kwa namna yao katika usomaji wa Julai. Hapo mtakuwa na jambo la kuwaleta watu, kuliko kupanga tungo kumi zisizosemezana.

Mama Kasulu

Naongeza dogo. Habari ya aliyejifungua na ya anayeugua, usiandike lolote kabla hujawauliza wenyewe au watu wa nyumbani kwao. Mgonjwa wetu mmoja hapa aligundua kwamba watu wanajua maradhi yake kwa kuona pole zinamiminika. "Mwenzetu hajambo kidogo, anapenda kutembelewa jioni" inatosha, kama ameridhia.

Mwana wa Bangwe

Shikamooni wazee, na asanteni wote. Nimempelekea mzee wazo la Babu wa Mwanga, na badala ya kukasirika ameomba kalamu. Anasema swali hilo halimtoshi katika beti nne, anataka saba. Nimemwachia ukurasa wa pili wote. Utangulizi wa utenzi nao ataandika yeye. Vijana nimewaomba ubeti mmoja mmoja kwa ruhusa ya maandishi, na wawili wamekataa kwa sababu ya tuzo, nami sikuwasihi. Fundi Vina, naomba ruhusa ya kuutumia ubeti wako kwenye tangazo la 7 Julai, jina lako likiwa chini yake.

Fundi Vina

Ruhusa unayo, na haya ndiyo maandishi yake. Ila chini yake andika saa kumi jioni kwa nathari, Msomaji wa Gungu asije akafika alfajiri.