Kutoka Pemba kwenda Uingereza: vipimo na vyeti

Asalaam aleikum. Mke na watoto, miaka 8 na 13, wanatoka Chake Chake kumfuata baba Uingereza. Waanzie wapi?

— Waaleikum salaam. Kipimo cha kifua kikuu cha kuombea viza, kwa IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), Dar es Salaam. Cheti hudumu miezi 6, wasiwahi mno. Wa miaka 8 kwa kawaida hapigwi picha ya kifua.

— Kabla ya hapo, majina! Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa na pasi vilingane herufi kwa herufi. "Khamis" hapa na "Hamisi" pale huzua maswali. Vya Kiswahili vifasiriwe Kiingereza. Mfasiri aweke jina, saini, tarehe na mawasiliano yake.

— Wakifika, nafasi ya skuli ya serikali huombwa halmashauri ya huko wanakoishi. Waombe mapema, ndugu yangu.