Tela la semi linarusha kichwa kati ya Uvinza na Tabora: nianzie wapi?

MzigoUvinza
Wakuu, habari za kazi. Kichwa ni 6x4 cha springi. Tela ni flati la ekseli tatu, nalo la springi, tairi 315/80R22.5 mbilimbili. Tunapakia chumvi Uvinza kwenda Tabora, kurudi mara nyingi tupu.

Likiwa na mzigo, kichwa kinavutwa nyuma na kusukumwa mbele, hasa ukiachia mafuta au ukibadili gia. Likiwa tupu linadunda, na kwenye vumbi mkia unahama njia. Fundi anashauri tutoe majani mawili kila springi lilainike. Ni sawa? Au tuhamie baluni (springi za hewa)?

FundiSpringi_Ipuli
Usitoe jani hata moja. Mzigo utabaki uleule na majani yaliyobaki ndiyo yataubeba, kwa hiyo yatapasuka kwenye tundu la senta boti (boliti ya katikati inayofunga majani pamoja), na hapo ekseli inarudi nyuma na tela linatembea upande.

Hayo yako ni magonjwa mawili, usiyatibu kwa dawa moja. Kuvuta na kusukuma karibu kila mara kunatoka kwenye sahani ya kichwa (bamba la nyuma ya kichwa linalobeba pua ya tela) na kingpini (pini ya chini ya tela inayoshikwa na taya za sahani). Pima hivi: simama pa tambarare, funga breki za tela peke yake, dereva aende mbele na nyuma taratibu kwa gia ndogo. Utingo asimame pembeni, si katikati ya kichwa na tela, aangalie sahani kwa tochi. Ukiona mchezo (ulegevu) unaofika 3 mm kati ya taya na kingpini, taya zinahitaji kukazwa. Sahani nyingi zina boliti ya kurekebisha yenye nati ya kufungia. Fuata maelekezo ya mtengenezaji wa sahani hiyo, maana kukaza kupita kiasi kunafanya taya zisifunge kabisa. Lakini angalia kwanza kinachocheza ni nini. Kama sahani nzima inatembea juu ya miguu yake, basi ni bushi za pini za pembeni au boliti za kwenye chasisi, na ukikaza taya hujafanya kitu.

Kisha pima kingpini yenyewe kwa vernia, ukiwa umefuta grisi. Ya inchi 2 ikiwa mpya ni 50.8 mm pale taya zinaposhika. Ikifika 49 mm inatolewa. Pima pande mbili, mbele-nyuma na kushoto-kulia, kwa sababu hailiki duara, inalika upande mmoja. Na atakayekuambia anaijaza kwa weldi, mkimbie: moto unaharibu ugumu wa chuma, na hicho ndicho kitu pekee kinachoshika tela zima.

Usisahau breki. Tela likichelewa kushika linasukuma kichwa kila ukikanyaga, na dereva atadhani ni kingpini. Kwa chemba ya breki (kopo la upepo kwenye ekseli) aina ya 30, fito yake isitoke zaidi ya milimita 51 ukikanyaga hadi mwisho.

Kidahwe_6x4
Fundi kasema kweli, ila kwa chumvi mimi ningeangalia upakiaji kabla ya spana. Chumvi ni nzito: uzito unaisha kabla flati halijajaa, kwa hiyo kuna nafasi inabaki wazi, na wapakiaji wanaweka gunia pale panapowarahisishia, yaani nyuma.

Piga hesabu. Chukua tani 32 za mzigo, na mita 8 kutoka kingpini hadi katikati ya ekseli tatu. Ukisogeza rundo zima nusu mita kwenda nyuma, umeondoa tani 2 kwenye sahani (32 × 0.5 ÷ 8) ukazipeleka kwenye ekseli za tela. Sahani ikiwa nyepesi, pua ya tela inanyanyuka na kushuka kwenye kila tuta, na hata mchezo mdogo wa kingpini unausikia kiunoni. Ukipeleka mbele mno nako utakamatwa mizani: ekseli ya usukani tani 8, difu mbili (ekseli za nyuma za kichwa) tani 18, ekseli tatu za tela tani 24. Jumla 50. Chukua karatasi ya mizani usome kila kundi, usiangalie jumla tu. Ukiona tela limegusa 24 na difu ziko 15, jibu unalo.

Sahani nayo lazima ikae mbele ya katikati ya ekseli mbili za difu. Ikiwa juu ya katikati au nyuma yake, usukani unakuwa mwepesi na kichwa kinapiga saluti njia nzima. Kabla ya kuisogeza, hakikisha kona za mbele za tela hazitagonga kabini ukikata kona, na miguu ya tela haitagusa matairi.

TairiNaUpepo
Kwa kudunda likiwa tupu, anza na upepo. Wengi wanajaza 120 psi kila tairi kwa mazoea. 315/80R22.5 ya 156/150 (namba za uwezo wa kubeba, zimeandikwa ubavuni) ikiwa mbilimbili inabeba kilo 3,350 kwa takriban psi 120. Tela lako kwa tani 24 halali lina tairi 12, kila moja tani 2. Kwa uzito huo psi 100 inatosha hata ukiwa na mzigo. Linganisha na jedwali la mtengenezaji wa tairi zako. Tairi za usukani ziache juu, kule kila moja inabeba tani 4. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, na usipunguze upepo mchana zikiwa za moto. Tairi pacha zisitofautiane zaidi ya psi 5.

Mkia kuhama njia ni bushi za mikono ya ekseli, bushi za balansi (mkono unaogawa mzigo) kati ya springi, au yuboti (boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) zilizolegea. Yuboti za M24 nyingi zinataka karibu 650 Nm, zikazwe kimsalaba tela likiwa limekaa kwenye matairi, na zirudiwe baada ya safari ya kwanza na mzigo. Pima pia kutoka kingpini hadi kila ncha ya ekseli ya mbele: kushoto na kulia zisipishane zaidi ya 3 mm.

Baluni ni laini kweli, hasa tupu. Ila zinataka shokapu nzima. Ukishuka baada ya mwendo, gusa kila shokapu: isiyo na joto imekufa. Kwa tela moja la chumvi, na chumvi inavyokula chuma, mimi nisingehama.

MzigoUvinza
Asanteni sana wakuu. Kingpini imesoma 50.2, mchezo uko kwenye bushi za pini za sahani, pande zote mbili. Grisi je? Vumbi linaganda juu ya sahani hadi linakuwa jeusi.

FundiSpringi_Ipuli
Hiyo nyeusi ni msasa tayari. Usipake juu yake. Kila ukifungua tela, kwangua yote, futa kwa dizeli, paka grisi ya lithiamu yenye grafaiti juu ya sahani na kidogo kwenye taya. Ikikauka, kichwa kinagoma kukata kona halafu kinaachia ghafla. Bushi badilisha zote mbili kwa pamoja, na pini zake zikague. Zikiwa zimelika, bushi mpya hazitamaliza mwezi.