Naomba ushauri: kumpeleka mama mwenye goti bovu kwenye michoro ya Kolo

Wanajamvi, habari za asubuhi. Niko Dodoma mjini. Agosti nataka kumpeleka mama, miaka 67, akaone michoro ya miambani Kolo, Kondoa, ile iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Yeye ni Mrangi; bibi yake alikuwa akimsimulia matambiko ya kuomba mvua pale Mongomi, mojawapo ya mapango ya michoro hiyo, naye hajawahi kufika. Natamani sana apaone angali anatembea.

Machi nilitangulia peke yangu kukagua njia. Lami mpaka Kolo haina shida, ila kagari kangu kalizama kwenye korongo la mchanga, nikaishia kuangalia pimbi wakiota jua juu ya mawe. Mama goti la kulia linamsumbua: tambarare anamudu kama nusu saa na fimbo yake, kupanda mlima ndiyo kazi. Nimeuliza madereva wawili stendi, kila mmoja na lake.

Mliofika, naombeni mnisaidie: kuna pango lenye michoro inayoonekana vizuri ambalo mtu wa goti analifikia bila kupanda sana? Na bodaboda za Kolo zinasogea karibu na Mongomi kiasi gani, au nikodi Land Cruiser kabisa?