Je, michezo ya kuigiza ya televisheni inawatendea haki watumishi wa serikali?

Mtazamaji wa Katuba: Katika michezo yetu ya hapa Lubumbashi, Kongo, karani wa komine (ofisi ya serikali ya mtaa) hana kazi ila kusinzia, kudai matabishi (hongo) na kumwambia mjane arudi kesho. Nakubali kwamba makarani wa namna hiyo wapo, kama walivyo walimu wanaowakamua wazazi, lakini mbona mwandishi haonyeshi jinsi karani mwenyewe anavyoishi? Mchezo unaoonyesha maisha ya watu hao huweza kubadili mambo: Uingereza, Januari 2024, televisheni ya ITV ilirusha mchezo wa Mr Bates vs The Post Office kuhusu wasimamizi wa posta walioshtakiwa kwa wizi kutokana na kasoro za mfumo wa kompyuta wa Horizon. Hasira ya watazamaji ikawa kubwa hata bunge likapitisha, Mei mwaka huo huo, sheria ya kufuta hukumu zao.

Mwalimu wa Ruashi: Ndugu wa Katuba, umesema tunawakamua wazazi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2019, primu, yaani pesa ambazo wazazi walikuwa wakiwalipa walimu, ilikatwa, na wenzetu wa NU (nouvelles unités, yaani walimu wapya), ambao serikali ilikuwa haijaanza kuwalipa, wakabaki darasani bila chochote. Nani amekamuliwa hapo? Wasimamizi wale wa posta, isitoshe, hawakuwa watumishi wa serikali. Walikuwa na mkataba na posta, na posta hiyo ya serikali ndiyo iliyowashtaki. Sisi hatukuzoea kulishwa na mwajiri kama watu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali.

Mstaafu wa Gécamines: Mwalimu, neno hilo la kulishwa silipokei. Unga, hospitali na shule za watoto vilikuwa sehemu ya malipo ya kazi ya mgodini, wala havikuwa sadaka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliachishwa katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, wakapewa fedha ambazo wengi waliziona pungufu mno kuliko haki yao, na hospitali nayo ikawa ya kulipia. Ukitaka mchezo juu ya serikali na raia wake, mambo ni hayo.

Mtazamaji wa Katuba: Mzee, heshima yako, lakini Gécamines ilikuwa kampuni, nami nilizungumzia komine. Mwalimu naye hajajibu: primu ilikatwa, kweli, ila katika shule anayosoma binti yangu tunaombwa pesa hadi leo.

Mwalimu wa Ruashi: Basi taja ni nani anayeziomba, mwalimu au mkurugenzi, kwa maana michezo yenu inatuvika sote shati moja.