Sayari ya kwanza naikumbuka mpaka rangi ya nyasi, ya mia mbili hata chomboni sikushuka

nahodha64

Habari zenu wakuu. Miaka yote nacheza magemu ya aina mbili tu: ya dunia za kichawi, zenye mapanga na majoka na mapango, na ya kuzurura angani. Yote nayapenda. Ila kuna kitu kinaniuma upande wa anga.

Sayari yangu ya kwanza ilikuwa na nyasi za rangi ya kutu na mvua ya sumu. Chombo kimeharibika, kinga ya suti inaisha, nakimbia huku na huku kuokota madini ya kutengenezea injini. Siku kilipokubali kuruka, mawingu yakapasuka, buluu ikageuka nyeusi, na bila kusubirishwa hata sekunde nikaiona sayari nzima imetanda chini yangu. Nilipiga ukelele peke yangu chumbani. Gemu lile linamruhusu mgunduzi kuipa sayari jina, nikaipa la marehemu bibi yangu.

Saa 140 baadaye nikatua kwenye sayari ya mia mbili na kitu. Nikachungulia kiooni: mawe yaleyale, mmea uleule wa majani ya duara, mnyama mwenye kichwa cha yule wa juzi na miguu ya yule wa jana. Sikushuka. Niliwasha injini nikaondoka, na moyo ukanisuta kama mtu aliyepita nyumbani kwa jamaa yake bila kupiga hodi.

Najua sayari hizi hazichorwi kwa mkono. Mashine inapewa namba, kanuni inaipika namba ile, inatoka milima, hali ya hewa na wanyama. Ufundi huu si wa leo: gemu la anga la Elite, la 1984, liliingiza galaksi 8, kila moja na sayari 256, kwenye kompyuta ya BBC Micro yenye kumbukumbu ya kilobaiti 32. No Man's Sky ya 2016 ina sayari zaidi ya bilioni bilioni 18. Ukizitazama sekunde moja moja bila kulala, utamaliza baada ya miaka bilioni 585. Nauheshimu sana ufundi huo. Lakini kwenye dunia za kichawi nafungua kila kabati, kwa sababu najua kuna mtu aliyekiweka kile kikombe pale akijua nitakuja. Angani simwoni huyo mtu.

Si kwamba uchawi hauna kero. Mkoba! Kila baada ya dakika kumi umelemewa, unasimama katikati ya pango kuamua utupe ngao ipi, na menyu ina herufi ndogo mpaka uinuke kitini uisogelee skrini. Tena kuna gemu liliharibu faili langu la saa 60, mchawi wangu akapotea na yote aliyojifunza. Nilikaa miezi bila kugusa pedi. Hata hivyo nilirudi. Angani ndiko naona uvivu wa kurudi, ilhali ndiko nilikopata furaha kubwa kuliko zote.

Nyinyi mliodumu angani miaka, mnashikilia nini?

kilimia_mbali

Mkuu, mimi nashikilia hatari. Nacheza Elite Dangerous, iliyotoka Desemba 2014. Galaksi yake ni Njia Nyeupe kwa ukubwa wake halisi, mifumo ya nyota bilioni 400. Safari yangu ndefu ya kwanza ilikuwa Kilimia, miaka nuru 440 hivi kutoka kwenye Jua letu, kwa sababu nilitaka kukiona kwa karibu kile kishada ninachokitazama tangu utotoni.

Baadaye nikaelekea Sagittarius A*, lile shimo jeusi la katikati, kama miaka nuru 26,000. Jioni baada ya jioni, wiki tano. Mavuno ya safari ni takwimu za ulichokigundua, na chombo kikilipuka kabla hujaziuza kituoni, zote zimekwenda. Wakati wa kurudi nilitua kwenye sayari yenye mvutano mkubwa, nikashuka kwa kasi niliyoizoea, nikagonga. Mwili wa chombo ukabaki asilimia 11, na mbele yangu maelfu ya miaka nuru. Kuanzia hapo sikuona tena jua la kawaida. Kila nililolifikia nililipima kwanza: joto lake, umbali wangu, njia ya kutokea. Nilipotua kituoni mikono ilikuwa inatetemeka. Leo kuna nyota kule zenye jina langu kama mgunduzi wa kwanza, na yeyote atakayefika atalisoma.

Ila uwe na subira. Kituo cha Hutton Orbital kiko mwaka nuru 0.22 kutoka pale chombo kinapotokea ukiruka kuingia mfumo wake wa nyota, na kwa injini ya kawaida ni zaidi ya saa nzima ya kushikilia usukani tu. Mwenye dakika arobaini kwa siku asianze safari hiyo.

mwanapango

Nahodha, hata huko kwenye uchawi unakokusifia, mshale wa kwenye ramani umeua utafutaji. Mimi nilikulia kwenye Morrowind ya 2002. Hapakuwa na mshale wa kukupeleka kwenye misheni. Mtu anakuelekeza kwa maneno, fuata mto, vuka daraja, ukiona njia panda shika mashariki, na wewe unarudi kusoma shajara yako kila ukisita. Niliwahi kutafuta kaburi moja siku nzima, nikalikosa, nikaangukia pango ambalo hakuna aliyenitajia. Lile pango nalikumbuka kuliko zawadi yoyote niliyopewa.

Kwa hiyo jaribu hivi: kama gemu lako linaruhusu, zima alama zote za skrini. Shuka chomboni, tembea. Nadhani ukubwa si shida yako. Unapita juu ya kila kitu kwa kasi ya roketi halafu unashangaa huoni tofauti.

utulivu_9

Outer Wilds, 2019. Sayari chache, kila moja imetengenezwa kwa mkono, jua linalipuka baada ya dakika 22 na unaanza tena. Hupewi upanga wala injini bora, unachobeba ni ulichokielewa tu. Siongezi neno, maana gemu hili likisimuliwa limeharibika. Ubaya wake ndio huohuo: ukishalimaliza, hulichezi tena kama mara ya kwanza.

nahodha64

Asanteni sana. Mwanapango, maneno yako ya roketi yamenigusa, ni kweli kabisa. Jana usiku nilirudi kwenye sayari ya bibi. Nikazima alama zote, nikakiacha chombo pale nilipokitengenezea injini mara ya kwanza, nikatembea kuelekea bonde ambalo siku ile nililikimbia kwa ajili ya mvua. Nusu saa kwa miguu. Ng'ambo ya bonde kuna tao la jiwe refu kama mnara, na chini yake mdomo wa pango. Saa 140, na sikuwahi kuliona! Mvua ilianza nikajibanza humo mpaka ikakatika. Leo naingia ndani.

Utulivu, hilo naliweka la wikendi. Na wewe Kilimia, nieleze vizuri: ile asilimia 11 ulirudi nayo hivyohivyo, au kuna namna ya kukarabati huko mbali?